Mgeni Asiyepima Sauti

Taa ya maiki ya tatu haikuwaka. Mwanamke aliyesimama mbele ya maiki hiyo alikuwa amefumba macho, anaimba, na watu karibu mia mbili walikuwa wametulia tuli kama maji mtungini. Lakini kwenye mikisa, ile meza ya kupangia sauti, pale vijitaa vya kijani vilipopaswa kurukaruka, palikuwa peusi.

Fundi hakuogopa. Fundi mitambo haanzi na hofu, huanza na waya. Alichuchumaa, akapapasa nyaya moja baada ya nyingine, maana kulikuwa pia na harufu ya kitu kinachoungua, ile harufu kali ya mpira wa waya inayokaa puani. Nyaya zote zilikuwa baridi. Akavaa hedifoni, akaifungua maiki ya tatu peke yake. Kimya. Akaivua. Sauti ikaujaza ukumbi tena, tamu, ya kumtoa nyoka pangoni.

Ukumbi ule zamani ulikuwa ghala la magodoro, na mpaka leo kuta zake zimevikwa sponji. Kila Jumapili saa kumi alasiri hupanda jukwaani wanamuziki ambao hakuna redio inayowapiga wala kampuni inayowajua, watu wanaorekodi chumbani na kubandika matangazo yao wenyewe ukutani. Wapenzi wa mahali pale wana jeuri moja tu, kumsikia mtu kabla dunia haijamsikia. Na kanuni yao ni moja: mgeni haulizwi jina wala atokako mpaka awe ameimba. Kanuni nzuri, ukiniuliza mimi, kwa wageni wanaokanyaga chini.

Mgeni huyu alikuwa kwenye Jumapili yake ya tatu. Hakuwahi kuja saa nane, wakati wenzake wote wanapopima sauti, moja-mbili, moja-mbili, mpaka Fundi aridhike. Alitokea tu zamu yake ikifika. Aliyempandisha mara ya kwanza alikuwa Chiriku, mdogo wake Fundi wa tumbo moja, mwimbaji wa miaka sita pale pale. Chiriku alisimama kwenye maiki ya pili, akimwitikia. Kumwitikia ni maneno tu, kwa sababu alikuwa amefunga mdomo, akitabasamu kama mtu anayeangalia mwanawe akicheza.

Ndipo Fundi akaona taa ya maiki ya pili. Ilikuwa ikipanda na kushuka, kijani, njano, kijani, sambamba na kila neno la Mgeni.

Akarudisha hedifoni masikioni, akafungua maiki ya pili. Sauti ilikuwa humo, nzima, kila pumzi. Aliijua. Aliijua tangu ikilia kwenye beseni la kuogea, ikiwa na meno mawili. Hakuna mwingine ukumbini aliyeitambua, na sababu yake inauma: kwa miaka sita hakuna aliyewahi kuisikiliza.

Asubuhi ya pili yake Chiriku alikuwa jikoni akichemsha chai. Alimwita kaka yake, na kilichotoka kooni kilikuwa mkwaruzo kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

"Umemeza misumari?" Fundi aliuliza.

"Mafua tu, kaka."

"Mafua gani hayana hata kamasi?"

Chiriku alicheka, na kicheko hakikuwa na sauti. Fundi aliacha utani hapo hapo. Akamweleza juu ya taa. Alitegemea ashangae, au angalau amwambie ana wazimu. Badala yake Chiriku alikwenda kufunga dirisha, akarudi, akakaa karibu.

"Najua," alinong'ona.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni yangu. Siku ile ya kwanza aliniomba nyuma ya pazia. Alisema, niazime kidogo. Nikadhani anataka niimbe naye. Nikamwambia chukua."

"Na ulipogundua?"

Chiriku alikizungusha kikombe mezani, kikazunguka mara mbili tatu. "Kaka, nimeimba miaka sita watu wakiagiza soda na kusimuliana habari za mpira. Sasa wananyamaza. Kile kinachowanyamazisha ni changu mimi. Hujui utamu wake."

Fundi alimhurumia, kisha akamkasirikia, kisha akajikasirikia mwenyewe, maana hata yeye miaka yote hiyo alikuwa akiangalia taa kuliko kusikiliza. Akamshika mkono, wakaenda kwa Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa, dada wa mama yao, alikuwa mshonaji wa sare za shule, na alikuwa pia mtu wa kutibu wenye majini. Kazi zote mbili alizifanya kwenye meza ile ile. Aliisikiliza hadithi yote akiwa na pini mdomoni, kisha akazitema kiganjani.

"Mnampandisha mtu jukwaani bila kumuuliza jina! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nyinyi wenu mmemwachia banda zima." Akaweka kidole gumba kwenye koo la Chiriku, akafumba macho, akakiacha hapo kwa muda mrefu. "Mimi siwezi kumtoa. Hakuiba, alipewa. Aliyempa ndiye amdai, kwa kinywa chake, mbele ya watu waliosikia. Kwanza umwambie rudisha. Sauti ikisharudi, umwambie toka. Usipindue, mwanangu. Ukimfukuza na mzigo mgongoni, ataondoka nao."

"Nitaweza?" Chiriku alinong'ona.

"Iliyobaki humu ni ya neno moja. Usiipoteze njiani hata kwa salamu."

Siku sita Chiriku hakufungua mdomo. Alionyesha kwa vidole, aliandika kwenye karatasi, na Fundi alimjibu kwa sauti ya chini kana kwamba nyumbani kuna mgonjwa.

Jumapili ukumbi ulifurika mpaka watu wakakaa sakafuni. Mgeni alipanda. Kuna ubao mmoja katikati ya jukwaa unaolia kila ukikanyagwa, Fundi ameulaani miaka nenda rudi, na siku hiyo aliutegea sikio na Mgeni akapita juu yake na ubao haukulia, na harufu ile ya kuungua ikaja, safari hii nzito zaidi, ikashuka kutoka jukwaani safu kwa safu bila mtu yeyote kugeuza pua, na taa ya maiki ya pili ikaanza kupanda kabla Mgeni hajafungua mdomo.

Chiriku alivuta pumzi. Fundi akaweka kidole kwenye kitufe cha maiki yake, tayari kukisukuma juu.

Lakini Mgeni alikatisha wimbo. Aligeukia pembeni mwa jukwaa, alipokuwa akisubiri msichana mwenye gitaa la kuazima, siku yake ya kwanza pale, miguu haimtulii kwa woga. Akamnyooshea mkono.

"Njoo," alisema, kwa sauti ya Chiriku. "Nafasi ipo. Niazime kidogo."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Msichana alitabasamu kama mtu aliyeitwa na bahati, akapiga hatua moja, akafungua mdomo kukubali.

Fundi aliona uso wa dada yake. Alimwona akimtazama msichana, kisha akimtazama yeye, na akajua kabla halijatoka ni neno gani. Alitaka kupiga kelele, siyo hilo, Chiriku, siyo hilo kwanza. Kidole chake kikasukuma kitufe mpaka mwisho.

"Toka!"

Spika zililia mlio wa kupasua masikio. Taa zote za mikisa ziliwaka nyekundu kwa pamoja, kisha zikazimika. Watu walipotoa mikono masikioni, mbele ya maiki ya tatu hapakuwa na mtu. Hakuna aliyemwona akishuka. Walichokiona wote ni Chiriku akimfokea mwimbaji wao.

"Wivu!" mtu alipaza sauti nyuma. "Mwitikiaji ana wivu!"

Wakazomea. Mshereheshaji mwenyewe, waliyemwita Mdomo, akapanda kuwaomba radhi watu kwa utovu wa adabu wa Chiriku. Nusu ya ukumbi ikaondoka. Msichana wa gitaa aliimba mbele ya waliobaki, wakipiga gumzo, na taa ya maiki ya tatu ikawaka kijani, kidogo kidogo, ikikatika alipokosea. Chiriku alikaa chini mbele kabisa, amemkazia macho, hakukosa hata neno. Fundi alilia wazi wazi na hakujali nani anamwona.

Sauti haikurudi. Daktari alimulika koo, akasema ni zima, hana la kutibu.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, fundi mwenzake wa mji wa mbali alimtumia Fundi rekodi. "Sikiliza mwimbaji mpya tuliyempata," aliandika. "Hatumjui hata jina." Fundi alivaa hedifoni sebuleni, akageukia ukuta. Haikuchukua hata nusu dakika kuitambua sauti. Alipogeuka, Chiriku alikuwa amesimama nyuma yake, mkono umenyooshwa.

"Si kitu," Fundi alisema. "Tangazo tu."

Chiriku aliichukua hedifoni kichwani mwa kaka yake taratibu, akaivaa, akakaa. Alisikiliza mpaka mwisho, midomo ikifuata maneno. Akarudisha mwanzo, akasikiliza tena, na safari hii midomo haikucheza. Akavuta karatasi, akaandika, akamsogezea.

"Sauti moja ni yangu. Ya pili ni ya nani?"