Saa Iliyotiwa Mafuta

Kila Jumamosi asubuhi mimi hukaa kando ya ghala letu, ungo mapajani, nikipeta ndengu. Nyumbani wanajua kwamba nina kinyaa kuliko mtu yeyote. Sinywi kwa kikombe alichonywea mwenzangu, na nzi akitua kwenye sahani yangu, nimeshiba. Kaka yangu hunitania kwamba nitaolewa na sabuni.

Mwaka uliopita, nilipokuwa Gredi ya saba, Mama alinigawia kipande cha shamba nipande ndengu zangu mwenyewe. Nilijua nitakachonunua nikiziuza. Babu yangu, Mzee Kyule, alikuwa anatimiza miaka themanini, na kanisa letu lilikuwa limepanga kumfanyia ibada ya shukrani. Alipokuwa mwalimu kijana alikuwa na saa ya mkono ya Kirusi, ile isiyo na betri, ambayo aliitia ufunguo kila asubuhi akisikiliza habari za redio. Iliibwa miaka mingi iliyopita. Mpaka siku hizo, habari zikianza, vidole vyake vilikuwa vikipapasa kifundo cha mkono ambacho hakikuwa na kitu. Nilitaka siku ya ibada kifundo hicho kiwe na saa.

Lakini mvua ilikuwa chache na ndengu zangu hazikutosha. Ghalani kulikuwa na nusu gunia la msimu wa nyuma, limebunguliwa. Nilizichanganya na zangu. Kisha nikajimwagia mafuta ya kupikia kiganjani, nikazisugua zote mpaka zikang'aa kama zimetoka shambani jana. Wadudu waliotembea juu niliwapepeta. Waliokuwa ndani niliwaacha humo. Nilipomaliza nilinawa mikono mara mbili.

Nilimpelekea Mama Kalunde, mwenye kibanda cha chakula katika soko la Kabati. Sufuria yake ilikuwa tayari jikoni. Alichota ndengu kidogo, akazitazama, akasema mzigo wa kwa Mzee Kyule hauhitaji kukaguliwa. Akanilipa.

Kutoka hapo nilienda moja kwa moja kwa Mulinge, aliyekuwa ametandaza saa kuukuu juu ya kitambaa karibu na duka la mabati. Sikujua lolote kuhusu saa. Nilijua ndengu, na ndengu nzuri hung'aa. Kwa hiyo niliziacha zile zenye uso wa manjano na mikwaruzo, nikaokota moja yenye uso mweupe pe, herufi za Kirusi na mshale mwekundu wa sekunde.

"Hiyo ni ya wakati wa Wasovieti, orijino," Mulinge akaniambia. "Ina karibu miaka hamsini na bado inatembea. Weka sikio usikie."

Niliweka sikio. Ilikuwa inatembea kweli. Nililipa bila kuuliza swali lingine.

Mkanda ulikuwa mrefu mno, nikaona niupunguze kwa Fundi Waruguru, mama aliyerithi kazi ya saa kutoka kwa baba yake. Nilimkuta mezani, chakula chake cha mchana kimefunikwa pembeni. Nilipompa saa ilikuwa imeshasimama. Aliigeuza, akachomeka ncha ya kisu kidogo, akafungua mgongo wake.

Laiti asingeifungua. Ukingoni kulikuwa na nongo nyeusi iliyoganda, jasho la mikono ya watu nisiowajua, na harufu ya mafuta yaliyochacha ilinipanda puani. Magurudumu madogo yalikuwa yamelowa.

"Haya ni mafuta ya kupikia," Fundi akasema. "Mashine imekula kutu. Mtu anaimwagia mafuta ndio itembee saa mbili tu, umlipe, uende. Na uso amepaka rangi juu ya ule wa zamani. Angalia, rangi imemeza hata alama za dakika."

Nilisema Mulinge ni mtu mchafu, na kwamba mkono wake sitaushika tena hata kwa salamu. Fundi aliniambia nitulie ale kidogo, kisha twende kwake pamoja. Akafunua sahani. Ilikuwa ndengu na chapati kutoka kwa Mama Kalunde.

Alikula kijiko kimoja, akaacha kutafuna. Juu ya mchuzi walielea wadudu watatu weusi. Alitema kwenye karatasi.

"Hata Mama Kalunde?" akasema polepole, akaisukuma sahani. "Miaka kumi nakula kwake."

Nilizijua zile ndengu. Fundi alinishika mkono, tukaenda hadi kwa Mulinge, naye wala hakushtuka.

"Kwani nilimlazimisha? Yeye mwenyewe aliona inang'aa, akapenda."

Maneno hayo hasa nilikuwa nimeyaandaa asubuhi, endapo Mama Kalunde angelalamika. Sasa niliyasikia yakitoka mdomoni mwa mwingine, na yalinuka. Fundi alipotaja kamati ya soko, Mulinge alirudisha pesa haraka.

Fundi alidhani nitafurahi. Badala yake nilimwambia, "Fundi, zile ndengu ni zangu. Nilizipaka mafuta."

Aliuachia mkono wangu. Aliutazama vile mimi hutazama kikombe cha mtu mwingine, kisha akajifuta kiganja kwenye aproni yake. Sijawahi kuona aibu kama ile.

"Basi unajua hizo pesa ni za nani," akasema.

Kwa Mama Kalunde sahani mbili zilikuwa zimerudishwa, na mteja mmoja alikuwa akitangaza kwamba kibanda kile ni kichafu. Nilimweleza kila kitu mbele ya huyo mteja, nikampa pesa zote. Mama Kalunde hakupaza sauti.

"Huyo wa saa hakujui," akaniambia. "Mimi nakujua, ndiyo maana sikukagua. Ukimdanganya anayekuamini, umemchafulia chakula na jina. Na wewe hujabaki safi, Nduku, hata ukinawa namna gani. Uchafu huu utautoa kwa kazi."

Kila Jumamosi nilimchambulia ndengu zake, mpaka mavuno yaliyofuata. Ibada ya Babu ilipita kifundo chake kikiwa kitupu. Nilimwambia sababu, naye akasema afadhali mkono mtupu.

Baada ya mavuno nilirudi kwa Fundi Waruguru. Alikuwa na saa moja ya Kirusi yenye uso wa manjano na mikwaruzo. Nilimwomba aifungue kwanza, nikaona ndani ni safi. Niliitia ufunguo, nikaiacha kwake siku mbili ili nione kama itachelewa. Haikuchelewa, nikainunua. Sasa habari zikianza, Babu huitia ufunguo akiwa amefumba macho.

Mama Kalunde hununua ndengu zangu tena. Ila kila mara, kabla ya kulipa, hutumbukiza konzi moja ya ndengu kwenye bakuli la maji na kutazama kama kuna zilizobunguliwa zitakazoelea. Hafanyi hivyo kwa muuzaji mwingine yeyote. Sinuni. Husimama hapo pamoja naye, nikingoja.