Jiwe la Kijani Halitaki Moto

Jumanne, tarehe 9 Agosti 1994. Asubuhi hiyo upepo wa baridi ulivuma kwenye vilima vya Haneti, na vumbi jekundu likaingia mpaka ndani ya vyungu. Angani hapakuwa na wingu hata moja.

Paskazia aliamka, akasali, akabandika uji. Nyuma ya mlango aliliona begi la mumewe. Lilikuwa limeshafungwa.

Mumewe, Mazengo, alikuwa akichimba mawe ya kijani kilimani tangu mavuno yalipokwisha. Bartolomayo, mnunuzi kutoka Dodoma mjini, alikuwa ameshayakataa mara mbili. "Yamepauka, tena yana nyufa," alisema. Ijumaa angekuja tena.

"Akiyakataa na safari hii, naondoka. Nakwenda machimboni Mererani," Mazengo alisema huku akinywa uji.

"Kama mdogo wako Silvano?"

Silvano alikwenda huko zamani, na hawakupata habari zake tena. Mazengo alitia kiberiti mfukoni. "Lete kuni, Mama Tumsifu."

Kwao, watu hupasua miamba kwa moto. Hupanga kuni juu ya mwamba na kuziwasha. Mwamba ukishapata moto sana, huumwagia maji, nao hupasuka. Ndivyo wanavyopata kokoto za kujengea. Mazengo alilitafuta jiwe la kijani kwa njia hiyohiyo.

Paskazia alikuwa njiani na mzigo wa kuni kichwani alipokutana na jirani yao, Hamidi. Zamani Hamidi alikuwa fundi wa kukata mawe ya vito mjini. Sasa alikuwa na duka pale kijijini.

"Shikamoo, mzee Hamidi."

"Marahaba. Kuni zote hizo, kuna harusi mmenificha?"

"Ni za shimoni."

Hamidi akaacha kucheka. "Za shimoni? Twende wote."

Walipofika kwa Mazengo shimoni, Hamidi alichomoa jiwe moja la kijani kwenye ukuta wa shimo. Alilikwaruza kwa kisu.

"Tazameni. Kisu hakiliwezi. Lile la kijani laini, linalochubuka kwa kisu, liacheni. Hili ni gumu. Likivunjika, kingo zake ni kali kama za chupa. Wataalamu huliita krisopresi. Jiwe mnalo, ila mnaliharibu wenyewe kwa moto."

"Mwenye duka naye kawa mchimbaji," Mazengo alisema. "Baba yangu alipasua miamba hii kwa moto."

"Baba yako alitafuta kokoto. Wewe unatafuta rangi. Ndani ya jiwe hili mna maji kidogo sana, na rangi yake inayategemea. Moto ukiyakausha, rangi inapotea. Hata jua kali la siku nyingi hulipausha."

Mazengo hakusadiki. Basi Hamidi alilivunja lile jiwe vipande viwili. Kimoja alikifunga kwa kitambaa kibichi. Kingine walikwenda kukifukia kwenye majivu ya moto jikoni kwa Paskazia, wakamwacha asonge ugali.

Ugali ulipoiva, Paskazia alikichokoa kile cha majivuni. Kilikuwa cheupe kama mfupa, na kina ufa. Cha kitambaani kilikuwa kijani kama jani changa. Mazengo aliviweka vyote viwili kiganjani. Alivitazama mpaka ugali ukapoa.

"Sasa nichimbe vipi?" aliuliza.

"Kwa mtaimbo na tindo, polepole. Usiligonge jiwe lenyewe. Gonga mwamba unaolizunguka, na uvae miwani, vipande vinaruka. Usichimbe chini ya ukingo unaoning'inia. Kila jiwe lifunge kwa kitambaa kibichi, uliweke kivulini."

Jumatano walipata mawe machache. Alhamisi walifika mahali pagumu. Mazengo alipiga tindo mpaka mikono ikatoka malengelenge. Kisha akatoa kiberiti.

"Kidogo tu, mke wangu. Pembeni."

Paskazia alikwenda kukaa juu ya kuni.

"Ondoka hapo."

"Hizi ni za jikoni. Ukitaka kuziwasha, uniwashe na mimi."

Mazengo alirudisha kiberiti mfukoni. Akacheka, akaokota tindo. Jioni walitoa jiwe kubwa kuliko ngumi, likiwa bado limeshikana na mwamba. Usiku Paskazia alilowesha kitambaa cha jiwe hilo, akamwomba Mungu.

Ijumaa Bartolomayo alikuja nyumbani, Hamidi akiwapo, akayafungua mawe moja moja. Aliyaelekeza kwenye mwanga. Aliyakwaruza kwa kisu.

"Haya yametoka shimo lilelile?" Bartolomayo aliuliza.

"Lilelile," Hamidi alijibu.

"Nayachukua yote. Mkipata mengine ya namna hii, niiteni."

Mazengo aliingia ndani. Alirudi na begi lake, akatoa blanketi na kumrudishia mkewe. Akatoa na kiberiti, akakiweka mkononi mwake. Majirani waliokuwa wakitoka kisimani walisimama kutazama.

"Mzee Hamidi, Bartolomayo, na ninyi jirani zangu, nisikieni," alisema. "Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi. Shimoni kwangu hautawaka moto tena. Kiberiti kitakaa na Mama Tumsifu, na mimi nitakaa hapahapa naye."