Mabehewa Manne ya Mbele

Kwenye stesheni ya makutano, ambapo treni ya pwani hukatwa vipande viwili, palikuwa na dirisha la kioo lenye kitundu cha kuzungumzia. Nyuma ya kioo alikaa mwanamke ambaye abiria walimwita Sauti. Kwa miaka tisa alikuwa akitangaza jambo lile lile: mabehewa manne ya mbele yanakwenda mji wa kaskazini, manne ya nyuma yanakwenda bandarini. Na kwa miaka tisa watu wazima, wenye akili timamu na vyeti, walikaa nyuma wakitaka kaskazini. Sauti alishaacha kuwahurumia. Siku hizi aliwadharau tu, kwa moyo mweupe.

Asubuhi moja, stesheni imefurika, kioo kiligongwa na mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe, kwapani ramani iliyoviringishwa.

"Dada, jana nilipelekwa bandarini! Mimi nilikuwa nakwenda kaskazini."

"Hukupelekwa, kaka. Ulijipeleka."

"Hakuna aliyetuambia!"

"Nilikwambia mimi. Mara tatu."

"Kumbe ni wewe?" Akainama kwenye kitundu. "Sasa sauti tamu hivi, nani atasikiliza maneno?"

Sauti alijua kabisa kwamba hayo ni maneno ya ovyo. Yalimwingia hata hivyo, na hilo lilimuudhi siku nzima.

Bwana mwenyewe alikuwa mtaalamu wa mipango miji kutoka mji mkuu. Huko, ghorofa ya kumi na mbili, yeye na wenzake walikuwa wakithibitisha kwamba mji mkuu, mji wa viwanda, bandari na kaskazini sasa ni jiji moja kubwa. Kwenye ramani yake jiji hilo lilikuwa doa la rangi ya machungwa lililolala kando ya bahari, na reli ilikuwa mstari mmoja mnene. Watu wa viwandani wanaosimama saa mbili wakingoja basi hawakuonekana popote kwenye hiyo rangi. Sauti akambandika jina, Mchora Ramani, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wanapigiana simu kila siku ya Mungu.

"Kutoka kwangu hadi kwako dakika arobaini, malkia. Sisi ni majirani."

"Arobaini kwenye karatasi yako. Huku duniani ni saa moja na nusu, na unasimama."

"Kwa ajili yako nitasimama hata kwa mguu mmoja."

"Utaanguka kabla ya kituo cha pili. Nakujua."

Baada ya miezi saba ikabidi Mchora Ramani aje kaskazini kujitambulisha kwa baba yake Sauti. Mzee alikuwa dereva wa treni mstaafu, na alishawahi kumfukuza mchumba wa dada yake Sauti kwa kuchelewa dakika kumi na moja. Sauti alikuwa na miaka thelathini na nne, na huyu ndiye mwanamume pekee aliyetaka kuzeeka naye, pamoja na shati lake la kipuuzi.

Jumamosi hiyo baba alivaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, na kofia yake. Sauti alivaa gauni la kijani na viatu vilivyombana. Treni ikaingia stesheni ya kaskazini kwa wakati, mabehewa manne. Watu wakashuka wote, jukwaa likabaki tupu. Simu ikalia.

"Mpenzi, pole sana. Treni imeharibika njiani. Tumekwama, mafundi wanahangaika."

Sauti aliitazama treni. Ilikuwa hatua tatu mbele yake, nzima kabisa.

"Imeharibika?"

"Vibaya sana, malkia. Injini inatoa moshi!"

Baba, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kuliko magoti, alisikia kila neno. Akaigusa injini kwa kiganja. "Moshi?" aliuliza. Kisha akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni na kuondoka.

"Uko bandarini," Sauti alisema kwenye simu. "Umekaa nyuma, na umeona heri uisingizie treni kuliko kusema hukunisikiliza. Mjinga ningeolewa naye. Mwongo, hapana."

Akakata, akaenda kulia kwenye choo cha stesheni.

Kwa wiki tano Mchora Ramani alimtumia ujumbe wa sauti kila siku. Mwanamke aliyelalamika miaka tisa kwamba watu hawasikilizi hakuufungua hata mmoja.

Halafu Jumanne moja mchana akamwona kwenye foleni, shati limekunjamana. Zamu yake ikafika.

"Naomba nikwambie..."

"Sikusikii. Kioo kizito."

"Nilikaa nyuma!"

"Bado sikusikii."

"Nilikaa nyuma kwa sababu kuna viti vyenye meza! Asubuhi ile uliniambia kwa simu, mimi nilikuwa nachora! Nilipofika bandarini nikamwogopa baba yako, nikaisingizia treni!" Foleni nzima ilisogea kusikiliza. "Siku sita nimekaa kwenye benchi nyuma ya ile nguzo, nakusikiliza kutwa. Kwenye ramani nimeukata ule mstari vipande viwili, bosi amekasirika. Nakupenda. Nataka kukuoa."

"Mwanangu, mjibu," alisema mama mmoja mwenye mkoba. "Kama unamkataa, mkatae atupishe. Treni yangu inaingia."

Sauti alitamani kukivunja kile kioo.

"Jumamosi, saa nne," alisema. "Utapanda wapi?"

"Manne ya mbele."

"Rudia."

"Manne ya mbele, malkia."

"Haya. Anayefuata!"

Jumamosi baba alikataa kuja, kisha akaja. Alivaa koti, kichwa wazi.

"Na kofia, baba?"

"Kofia ni ya wageni."

Treni ikasimama. Mlango wa behewa la kwanza, mgongoni kabisa mwa dereva, ukafunguka, na Mchora Ramani akashuka mbele ya watu wote, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, baba. Siku ile nilikuwa bandarini. Treni haikuharibika."

Mzee alimkagua kuanzia viatu. "Behewa la kwanza," akamwambia binti yake, kana kwamba mgeni hayupo. "Hata la pili ameliogopa."

Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kofia, akaivaa.

"Marahaba," alisema. "Twende nyumbani."