Bouavanh Akataa Kukiri

Kila vuli Bouavanh na mumewe Somphet walipiga hema katika misitu ya Oregon, Marekani, wakachuma uyoga wa kuuza. Walikuwa Walao, wahamiaji kutoka Laos, na kazi hiyo walikuwa wameifanya kwa miaka ishirini. Kila mwaka walilipia kibali. Alfajiri Bouavanh alipika wali wa kunata, wakala, wakaingia msituni.

Siku moja askari wa hifadhi alimsimamisha Bouavanh.

"Mama, hapa ni hifadhi ya taifa. Hakuchumwi kitu."

"Kibali changu hiki hapa."

"Hakifiki huku."

Akamnyang'anya uyoga wote. Baada ya wiki mbili askari huyo alifika kambini na hati ya mashtaka. Serikali ya shirikisho ilimshtaki Bouavanh kwa kuiba mali ya umma. Angeweza kufungwa mwaka mmoja.

Somphet alimsihi. "Kiri tu, mke wangu. Serikali imesema ukikiri hufungwi. Utakatazwa msitu miaka miwili tu."

"Miwili tu? Tutakula majani ya misonobari? Na mimi si mwizi!"

"Utashindana na serikali ya Marekani, wewe?"

Marlene, mama aliyewauzia kahawa pale kambini, aliwasikia. Zamani alikuwa karani wa mahakama.

"Umeshatia sahihi popote?" aliuliza.

"Bado, dada."

"Basi usitie. Kwanza pata wakili."

"Wakili wa bei gani? Tutazame sisi!"

"Kesi kama hii inaweza kukufunga. Kama huna uwezo, mahakama inakupa wakili bure, na mkalimani pia. Omba siku ya kwanza. Askari akija kukuhoji, usimdanganye, usimtukane. Sema, 'Nitaongea wakili wangu akiwepo.' Kisha nyamaza."

"Hatakasirika?"

"Na akasirike! Hiyo ni haki yako."

Mahakamani Bouavanh aliomba wakili siku ya kwanza. Akapewa Bi Tollefson, mwanamke kijana mwenye maswali mengi.

"Ulijuaje mpaka wa hifadhi uko wapi?"

Bouavanh akatoa ramani aliyopewa pamoja na kibali. Mpaka ulikuwa kijito, naye hakukivuka. Bi Tollefson akavaa mabuti, wakaenda wote msituni. Walitembea kwa saa tatu. Hawakuona kibao cha mpaka hata kimoja. Wakili akapiga picha, kisha akadai kumbukumbu za ofisi ya vibali. Ikajulikana kwamba mpaka ulikuwa umehamishwa tangu masika, lakini ofisi iliendelea kugawa ramani ya zamani.

Hata hivyo mwendesha mashtaka hakukubali kushindwa. "Akiri, tumkataze msitu miezi sita tu."

Bi Tollefson akamgeukia Bouavanh. "Uamuzi ni wako, si wangu."

Bouavanh alimtazama mumewe. Safari hii Somphet alisema, "Usikiri kosa ambalo hukufanya."

"Sikiri," akasema Bouavanh.

Wiki moja kabla ya kesi kusikilizwa, serikali yenyewe iliomba mashtaka yafutwe. Hakimu akakubali. Somphet alilia mbele ya watu, wala hakujificha.

Vuli iliyofuata, ofisi iligawa ramani mpya na kusimamisha vibao. Wachumaji wageni walikuja kwenye hema la Bouavanh. Aliwafundisha kusoma ramani na kutunza kila karatasi. Aliwaambia pia waombe wakili mapema.

"Shangazi, wewe hukuogopa?" msichana mmoja alimuuliza.

"Niliogopa mpaka magoti yakagongana," alijibu Bouavanh. "Lakini hata mwoga ana haki ya wakili."