Maziwa Hayaoshi Moshi

Wanzala alimpenda mke wake Awinja, hilo tuliseme mapema. Alikuwa fundi wa mbao, na kila jioni alirudi nyumbani, mtaa wa Shieywe, na pakiti ya maziwa. Mafundi wenzake walimwambia kwamba maziwa huosha moshi na vumbi kifuani.

"Kunywa, Mama Mitchel," alizoea kusema, "moshi isikukalie."

Awinja alikunywa, akashukuru. Kisha Wanzala aliketi karibu na dirisha, akawasha sigara yake. Nje mvua ya Kakamega ilinyesha, na yeye alivuta kwa amani kama mtu aliyetimiza wajibu.

Siku moja Awinja alikuwa akianua nguo. Ghafla kifua kilimbana, jasho likamtoka, akakaa chini. Hospitalini daktari alimpima, akasema mishipa ya damu ya moyo wake imekuwa myembamba. Alimpa dawa.

"Unavuta sigara?" daktari aliuliza.

"Sijawahi kuonja."

Wanzala, aliyekuwa kando yake, alikunja karatasi ya dawa akaitia mfukoni.

Baada ya wiki moja, Nafula, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuja kumjulia hali. Alimkuta Awinja akichambua mboga ya mrenda. Dirishani palikuwa na kisosi kilichojaa vipande vya sigara.

"Baba Mitchel, unavutanga hapa ndani?"

"Kwa dirisha tu. Na maziwa namletea kila siku."

Nafula hakucheka. "Maziwa inaenda tumboni. Moshi inaingia kwa mapafu, halafu kwa damu. Hiyo maziwa haikutani nayo popote."

"Ikifika kwa damu inafanya nini?"

"Damu iko na chembe nyekundu. Hizo ndizo zinabebanga hewa safi kupeleka kwa moyo. Lakini moshi iko na hewa ya sumu, ile ya jiko ya makaa. Inakalia mahali ya hewa safi, na haitoki haraka. Moyo inapiga mbio na bado inakosa."

Awinja aliacha kuchambua mboga.

"Tena ukuta wa ndani wa mshipa unatengeneza kitu kidogo sana, hata jicho haliwezi kuona," Nafula aliendelea. "Hicho kinaambia mshipa ulegee, damu ipite. Moshi inakiharibu, mshipa unakaza. Na kuna chembe zingine kwa damu, zile zinazibanga kidonda ukijikata, zinaanza kushikana bila kidonda. Zikifunga mshipa wa moyo, mtu anaanguka."

"Lakini mvutaji ni mimi."

"Wewe unavuta sigara. Yeye anavuta hewa ya nyumba, na hiyo hewa ni moja."

Wanzala alikiondoa kile kisosi dirishani. Aibu ilimshika. "Kumbe nilikuwa namnywesha maziwa huku namnyonga," alisema.

"Hukujua," Awinja alimwambia. "Sasa umejua."

Kuacha hakukuwa lelemama. Wiki za kwanza Wanzala alikuwa mkali kama pilipili, na mara mbili alishindwa akavuta, ingawa si ndani ya nyumba. Nafula alimpeleka kliniki, akapata ushauri. Mara ya tatu aliacha kabisa. Awinja naye hakuruka dawa hata siku moja. Baada ya miezi sita alipanda kilima kutoka sokoni bila kusimama, na daktari akafurahi. Jumapili hiyo Awinja alisimama kanisani akamshukuru Mungu, akamshukuru Nafula, akamshukuru na mumewe kwa jina.

Kisha akaja Mzee Osundwa, baba mdogo wa Awinja, kuwatembelea. Mkwe ni mkwe, hapingwi. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mzee alitia sigara mdomoni, akaomba kibiriti. Awinja aliinamisha kichwa.

Wanzala aliinuka, akachukua mwavuli. "Baba, twende nje. Nitakushikia mwavuli."

"Kwa hii mvua? Unanifukuza, mkwe?"

"Hapana, baba. Nalinda moyo ya mtoto wenu."

Mzee alimtazama Awinja. Akairudisha sigara kwenye pakiti, akaomba chai. Awinja aliimimina machozi yakimlengalenga, na moyo wake umejaa shukrani.