Kiti cha Rais Mlangoni

Simu ya Valérie ikatetemeka: "Niko kwa lifti. Leo utasimama? Aloys."

Valérie alikuwa ameahidi kusimama. Katika jumuiya ya Wakongomani wa Durban, rais wa jumuiya akiingia, watu husimama. Lakini rais mpya ndiye huyu Aloys, karani wa kuwaandikia wakimbizi maombi yao, mtoto wa mpishi wa babu yake Valérie kule Bukavu! Wazee wa jumuiya walizificha siku za wakimbizi kupokelewa katika ofisi ya vibali, ili waombwe-ombwe. Aloys akazitangaza kanisani, watu wakampa kura. Aliyeangushwa ni Papa Dominiki, baba yake Valérie, ambaye sasa alikuwa mgonjwa, kitanda chake kimewekwa sebuleni. Nyumba nzima haikujua kwamba Valérie na Aloys wanapendana.

Mlango wa flati yao ya South Beach ukafunguliwa, Aloys akaingia.

"Bonjour, Papa. Nimekuja kukuona."

Serge na Blaise, kaka zake Valérie walioketi kando ya kitanda, hawakuinuka.

"Mutoto wa boyi," Serge akasema, "unataka tukusimamie?"

Aloys akamtazama Valérie. Valérie akainamisha macho, akabaki ameketi. Alijichukia papo hapo.

Aloys akacheka. Akatoka hadi koridoni, akarudi na kiti cha rais, kile chenye mikono kinachobebwa kila rais anapozuru wagonjwa. Akakiweka katikati ya mlango, akaketi, akakunja nne.

"Hamutaki kusimama, iko sawa. Lakini mwenye kutoka, aniombe njia."

"Eish! Mimi niko na zamu kiwandani Jacobs!" Serge akalalamika.

"Omba basi."

Thubutu! Kiburi hakikumruhusu Serge. Simu ya Valérie ikatetemeka tena: "Hata wewe?"

Hapo uchungu ukamzidi. Akasimama.

"Kaa chini!" Blaise akafoka.

"Sikai. Na sisimami sababu ya urais. Papa, huyu ndiye nataka awe bwana yangu. Akinikataa leo sababu ya uoga wangu, ni haki yake."

Papa Dominiki akainua kichwa.

"Aloys, ni kweli?"

"Ni kweli, Papa. Nilingoja upone ndiyo nije kumuomba."

"Na sasa? Unamukataa?"

Aloys akainuka, macho kwa Valérie.

"Nimekasirika naye sana. Lakini kumukataa siwezi."

Valérie akaangua kilio mbele ya wote, hakujali. Mzee akawageukia wanawe.

"Mwenye kukosewa na bado anapenda, huyo ni mutu. Simameni, musalimie shemeji yenu."

Blaise akasimama shingo upande. Serge akatazama saa, akatazama kiti ambacho bado kiliziba mlango.

"Pardon, shemeji. Naomba njia."