Mpangaji wa Chumba cha Saba

Shati lilikuwa la mwanamume mrefu, na pale ghorofani halikuwa na mwenyewe. Marsiana alilikuta asubuhi kwenye kamba ya barazani, limelowa, linanuka tope la ziwa. Aliuliza mlango kwa mlango. Wapangaji wote walikana.

"Litakuwa la Mzee Yona," alisema Onesmo, kuli wa bandarini anayekaa chumba cha pili. "Mwambie hapa tunafua Jumamosi."

Marsiana hakucheka. Mzee Yona hakuwepo duniani. Yeye ndiye aliyemtunga.

Wiki mbili nyuma alikuja Leodgar, ofisa wa malikale, kukagua kama jengo lile la mawe, lililosimama Kigoma tangu enzi za Mjerumani, linastahili kulindwa. Alipima matao ya baraza, akagonga ngazi za mbao, akasifu unene wa kuta. Kisha akaeleza sharti. Jengo lenye watu katika vyumba vyote lingelindwa pamoja na wapangaji wake. Lenye chumba kitupu lingehesabiwa gofu, na mwenye nyumba, aliyetaka kujenga hoteli pale, angeruhusiwa kulivunja.

Chumba cha saba kilikuwa kitupu miaka mingi. Marsiana alikaa cha sita, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na cherehani yake ilikuwa barazani, mbele ya mlango. Hakuwa na pengine pa kwenda. Leodgar alipouliza nani anakaa namba saba, alijibu bila kupepesa macho: Mzee Yona, amekwenda Ilagala, atarudi. Leodgar akaandika.

Baada ya shati kikaja kikohozi. Marsiana alikisikia adhuhuri, wenzake wakiwa kazini, upande wa pili wa ukuta wake. Siku ya pili zilikuja nyayo za maji, zikipanda ngazi bila kushuka. Siku ya tatu Onesmo, aliyekuwa akitania, alirudi mapema na kusikia sauti ya kizee ikimwita kwa jina na kumwomba kiberiti, akakiweka chini mbele ya mlango wa chumba cha saba kwa sababu hakujua la kufanya, na alipogeuka kutazama, kiberiti hakikuwepo, na kufuli lilikuwa palepale, limeshikwa na kutu.

Wakamleta Bi Anifa, mganga wa Ujiji. Alifukiza ubani, akasoma, akasoma tena, hadi moshi ukaanza kuvutwa chini ya mlango, ukiingia na kukatika, ukiingia na kukatika, kama mtu anayevuta pumzi. Akakunja mkeka wake.

"Siwezi kumtoa," alinong'ona. "Huyu hakuvamia. Mlimpa jina, mkampa na chumba. Aliyelitoa jina alikane mbele ya aliyeliandika. Ataondoka siku hiyohiyo."

Marsiana aliuliza nyumba itakuwaje. Bi Anifa alisema nyumba si kazi yake.

Alhamisi mchana Leodgar alirudi kuhakiki. Alipitia vyumba sita, akasimama mbele ya cha saba. Kufuli halikuwepo tena mlangoni.

"Mzee Yona amesharudi?"

Marsiana alifungua kinywa. Neno moja tu lilitakiwa. Aliitazama cherehani, na sare za shule alizoahidi kumaliza wiki ile, na mlango wake mwenyewe, akakifunga kinywa. Leodgar akabisha hodi.

"Nipo," ilijibu sauti ndani. "Miguu inaniuma, siinuki."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mnakaa wangapi humo?"

Zikasikika nyayo za watu wengi wakisogea karibu na mlango, mbao za sakafu zikalia, harufu ya tope ikajaa barazani.

"Tuko sita," ilisema sauti.

Leodgar aliandika, akamgeukia Marsiana. Fomu ilihitaji shahidi. Ngazini Onesmo alikuwa akitikisa kichwa polepole.

"Ni kweli, mama?"

"Ni kweli," alisema Marsiana, akatia sahihi.

Leodgar alipokwisha kushuka, ndani wakamshukuru, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa sauti yake, na wa mwisho, sauti ya kike, akamuuliza chumba cha sita atahama lini.